Utafiti wa Mama Wangojao

Ummulkheir alizaliwa Timbwani, mtaa wa Likoni, akasomea saikolojia, na alipopata kazi alirudi papo hapo Likoni, kwenye kliniki ndogo ya afya ya akili. Mwaka wa pili akachaguliwa kuingia mafunzo ya utafiti kwa madaktari wa akili na wanasaikolojia chipukizi. Kila mwanafunzi alitakiwa afanye utafiti wake chini ya mlezi. Yeye alichagua kina mama ambao watoto wao walitoka nyumbani wasirudi, wala maiti zao zisionekane.

Bi Mwanatumu wa mtaa wa Shika Adabu alikuwa mmoja wa mama hao, na tayari alikuwa akija kliniki kutibiwa. Mwanawe, Aqil, aliaga asubuhi akienda kibaruani. Hakuonekana tena.

Kwa miezi mingi alizungumzia kichwa kuuma na kukosa usingizi tu. Kisha siku moja, bila kuulizwa, alisema jambo kuhusu sala zake, na Ummulkheir akajua hilo ndilo utafiti wake ulilokuwa ukilitafuta. Wiki iliyofuata akamwomba ruhusa alitumie, jina likifichwa.

"La, mwanangu," Bi Mwanatumu alijibu kwa upole. "Wamekuja wengi kuturekodi, wakachukua, wakaenda zao. Lile nimekwambia wewe unitibu."

"Nimekuelewa, Bi. Matibabu yako yatabaki vile vile."

Moyo ulimuuma Ummulkheir kulikosa. Alimwambia mlezi wake, Daktari Gershom, kwamba pengine angeweza kuyageuza maneno yale kidogo yasitambulike.

"Yasitambuliwe na nani?" Gershom aliuliza. "Yeye mwenyewe atayatambua."

Ummulkheir akayaacha. Ripoti yake ilipita, lakini wasahihishaji walisema sehemu ya matambiko na dua ni nyepesi. Hakujitetea.

Baadaye aliwaita kina mama wale kwenye ukumbi wa shule, akawasomea aliyoyapata, kwa Kiswahili chao. Bi Mwanatumu hakuwa ametarajiwa, ila alikuja. Ummulkheir alipomaliza kusoma, Bi Mwanatumu alisimama.

"Mimi sijui nimuombee vipi mwanangu," alisema. "Nikimuombea rehema, nimemuua kwa ulimi wangu. Nikimuombea afya, naona najidanganya. Basi hukaa juu ya mswala, nikanyamaza."

Gladys, mama wa Kikristo aliyekaa kando yake, alimshika mkono. "Hata mimi," alisema. "Kanisani wakiomba, nafunga macho tu."

Walipokuwa wakitoka, Bi Mwanatumu alimwambia Ummulkheir, "Sasa andika, ukitaka."

"Ripoti nilishaipeleka, Bi."

"Basi," alisema Bi Mwanatumu, akajitanda buibui lake.

Aqil hajapatikana. Kina mama hukutana ukumbini kila mwezi, na Ummulkheir hukaa nao. Wengine huja kusema, wengine huja kunyamaza pamoja.