Kanda ya Dua ya Kulala

Jumanne nilipeleka redio yangu kwa fundi hapa Kitengela, nikamkuta mama wa buibui, jirani wa mtaani kwetu, ameshika kanda iliyotafunwa na redio yake.

“Nunua ingine, mama.”

“Hii ni sauti yangu, fundi. Nilirekodi Ayatul Kursi na dua ya kulala, watoto wasikize. Mimi niko na shifti ya jioni kiwandani.”

“Si uwasomee wewe mwenyewe ukiwa na ofu?”

“Nilijaribu Jumapili. Kale kadogo kakaniziba mdomo na mkono, kakaangalia redio. Kakasema, ‘Nyamaza, tunangoja Mama aanze.’”

Fundi akaipokea ile kanda. Akachomeka kalamu kwenye tundu lake aizungushe. “Sasa nitengeneze?”

Mama akatazama saa ya ukutani.

“Tengeneza haraka. Naingia kazini saa tisa.”

Na mtaa mzima tunamwonea wivu, eti amepata kazi.