Niliambiwa mgongo umeisha niache soko: leo nanunua kondoo bila kuinua hata mmoja

Wakuu, pamoja na kina mama mnaosoma humu kimya kimya bila kuchangia, hamjambo.

Jana nilisoma uzi wa jamaa mmoja hapa akisema mtu akishapata shida ya disc, huyo ameisha, atafute kiti akae angojee uzee. Watu wakamjaza likes. Nililala nayo ikanikera, nimeamka bado inanikera. Kwa hivyo leo naandika yangu.

Yote nitakayosema yalipata mgongo wangu mwenyewe. Mwenye kubisha aje Kisaju siku ya soko aniulize mbele ya watu.

Na mjue kabisa kwamba sijaketi. Naandika nikiwa nimesimama jikoni, simu nimeiegemeza kwa friji.

Kwanza mnifahamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kitengela. Kazi yangu ni kununua kondoo na mbuzi kutoka kwa wafugaji upande wa Kisaju na Kajiado, kisha nawapelekea wenye bucha Kitengela na Rongai.

Pale sokoni wanawake wa kuuza maziwa na shanga wamejaa. Wa kununua mifugo tulikuwa wachache sana, na wanaume hawakutupenda.

Kwa wasiojua: sisi kondoo hatumpimi kwa mizani. Unainama, unapitisha mkono mmoja chini ya kifua na mwingine mbele ya miguu ya nyuma, unamnyanyua kutoka ardhini, unamtikisa kidogo, unamrudisha chini. Mwili wako umeshajua uzito. Unaenda kwa mwingine. Halafu mwingine. Siku ya soko unaweza kunyanyua kundi zima na usinunue hata nusu yake.

Nilipoanza, walicheka. Siku moja wakaniletea dume la dorper, wale kondoo wakubwa wa nyama, lililonona, wakaniambia kama kweli nataka kazi hii nilinyanyue. Nililinyanyua. Nikalishikilia hapo juu huku nawaangalia machoni mmoja mmoja. Tangu siku hiyo walianza kunisalimia.

Kwa hivyo mtaelewa kwamba kunyanyua kwangu haikuwa kazi tu. Ndiyo ilikuwa tikiti yangu ya kuingia.

Tuendelee.

Dalili zilianza pole pole. Asubuhi nashindwa kunyooka mpaka nitembee kidogo nyumbani. Nikikaa kwa gari kutoka Kitengela hadi Kajiado nashuka nikiwa nimepinda. Nikasema ni baridi. Nikasema ni godoro. Nikabadilisha godoro, na godoro jipya pia nikalilaumu.

Halafu siku yenyewe ikafika, na wakuu, msidhani ni dume la dorper lililonimaliza. Ni kifuniko cha sufuria. Kilianguka jikoni, nikainama kukiokota, nikasikia kitu kimeshika kiunoni. Nikabaki pale nimeinama, nimeshika mguu wa meza, siwezi kwenda juu wala chini. Wali ukaungua nikiutazama.

Jioni maumivu yakashuka. Yalitoka kiunoni, yakapita takoni, nyuma ya paja, yakafika hadi kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Kama hujawahi kuyapata siwezi kukueleza. Mgongo ndio mgonjwa lakini mguu ndio unalia.

Niliogopa kupiga chafya. Kunivalisha viatu ilikuwa kazi ya Baba Naisula. Naisula ni binti yetu wa kwanza, na baba yake ni mwalimu, mtu mpole ambaye hajawahi kunyanyua kondoo maishani. Choo ndiyo sitawaambia. Kanisani nilikuwa nikisimama nyuma kabisa kama mlinzi, na pasta akafikiri nimekosana na mtu.

Sasa ukiugua mgongo Kenya hii, kila mtu ni daktari.

Mama mkwe alileta mafuta ya kondoo na supu ya mizizi, nikanywa. Jirani yangu Mama Halima, watu wao ni wa Garissa na yeye anauza nguo hapa Kitengela, alinikanda na mafuta moto huku akiniombea. Kukandwa kulinipa usingizi, sitasema uongo. Lakini asubuhi mguu ulikuwa palepale.

Halafu nikapelekwa kwa bwana mmoja wa kurudisha mifupa. Hapo ndipo nawasihi msifuate. Alinilaza chini, akanipanda mgongoni na miguu yake miwili, akanikunja mguu hadi nikaona nyota mchana. Akasema disc imerudi. Kesho yake nilikuwa siwezi kusimama kwa vidole vya mguu wa kushoto.

Baada ya hapo familia ikakata shauri: nilale. Nisishuke kitandani. Chai iletwe, chakula kiletwe. Ilikuwa ni upendo, najua, lakini kila siku niliyolala niliamka mgumu zaidi. Wiki zikapita. Ikafika mahali kugeuka kitandani ni mpaka nijipange.

Na sokoni habari zikatembea. "Yule mama mgongo umeisha." Wateja wangu wakaanza kununua kupitia kwa Lemayian. Huyu Lemayian ni mnunuzi kama mimi, na alikuwa mmoja wa wale walioniletea dume siku ile. Mzee Njoroge, mwenye bucha Rongai, ambaye alikuwa mteja wangu mkubwa kabisa, alinipigia simu kunipa pole. Alivyoongea ni kama ananiaga.

Baba Naisula akaketi pembeni ya kitanda akaniambia, "Mama Naisula, wacha hiyo kazi. Tufungue kaduka hapa nje, ukuwe unakaa tu."

Nikamwambia, "Kukaa ndiyo inaniua!"

Nililia siku hiyo. Sikulia kwa sababu ya mguu. Nililia kwa sababu nilimwona mume wangu ameshanizika kidogo, tena kwa nia nzuri.

Kesho yake nikasema nipelekwe hospitali. Nikapigwa picha ya MRI, na daktari akanionyesha. Kati ya pingili mbili za chini kuna disc, kitu kama mto mdogo laini katikati. Yangu ilikuwa imefura kwa nyuma inabonyeza neva inayoshuka mguuni. Akanieleza kwamba haijatoka mahali pake, kwa hivyo hakuna mtu wa kuirudisha kwa kukanyaga. Akanipima nguvu ya mguu, akaniuliza kuhusu mkojo, akaniuliza kama nimekufa ganzi katikati ya miguu. Nikasema hapana.

Akasema wengi hupata nafuu bila kupasuliwa, wakipewa muda, dawa ya maumivu na mazoezi. Kuna wanaohitaji kupasuliwa na hakuna aibu. Mimi nianze na physio, na nikiona mguu unazidi kulegea nirudi mbio.

Physio alikuwa msichana mdogo, mrefu, hana utani. Jina nitamwita Mercy. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, akaweka begi la unga chini akasema, "Mama, hebu nionyeshe venye huwa unainua kondoo."

Nikamwonyesha, polepole, bila kulinyanyua. Akatazama.

"Na hiyo unafanya mara ngapi siku moja?"

Nikacheka, nikamwambia hakuna mtu huhesabu.

"Basi si kifuniko cha sufuria," akasema. "Ni hao kondoo wote."

Nikamuuliza swali moja tu lililokuwa moyoni. Nitarudi sokoni au sitarudi?

"Utarudi. Lakini kuinama na kuinua vile, hapana. Utafute njia ingine."

Nilimkasirikia njia nzima hadi nyumbani. Njia gani nyingine? Mimi nisiponyanyua ni nani pale?

Lakini mazoezi nilifanya. Nalala kifudifudi, nasukuma kifua juu kwa mikono. Nalala chali, nanyanyua makalio. Na kutembea. Kutembea kila asubuhi, hata kama ni hadi kwa gate na kurudi. Mama Halima ndiye aliyekuwa akinigongea mlango: "Mama Naisula, toka tutembee, wallahi utaota mizizi humo ndani!" Tukawa tunaonekana kila asubuhi, yeye na buibui, mimi na shuka na raba za binti yangu. Vijana wa boda wakatuita timu ya taifa. Wacheke tu.

Maumivu yakaanza kurudi juu. Yalitoka kidoleni, yakabaki kwenye goti, yakabaki takoni. Mercy akasema hiyo ni dalili nzuri. Miezi ikapita. Siku moja nikapiga chafya na sikufa. Nikaita familia nzima kuwaambia.

Hata hivyo njia nyingine ya kupima kondoo sikuwa nimeipata. Niliipata nikiwa nimelala kifudifudi kwa meza ya Mercy. Alikuwa ananibonyeza mgongo kwa vidole, pingili moja baada ya nyingine, ananiambia hapa nyama imelegea, hapa imekaza, hapa umeanza kupata nguvu. Hajaninyanyua, lakini anajua hali yangu yote.

Nikajiambia, na mimi nina vidole.

Sasa siku ya kurudi.

Nilifika sokoni na fimbo yangu. Salamu za Kimaasai zikawa nyingi, takwenya, takwenya, nami naitikia iko, lakini kila mtu anatazama kiuno changu. Nikaanza kupita kwa kondoo. Natazama meno, nashika mkia, nabonyeza mgongo pale juu ya figo. Sinyanyui. Nikasikia minong'ono nyuma yangu.

Mzee Njoroge alikuwa pale. Na Lemayian alikuwa pale na yeye, akivuta dume la dorper, tumbo limejaa, zuri la kutazama.

"Yeyo," akasema, yaani mama kwa Kimaasai, kwa sauti ya watu wote kusikia, "karibu soko. Kama kweli umepona, inua huyu tuone."

Watu wakakusanyika. Mzee Njoroge akakunja mikono akingoja.

Wakuu, nitawaambia ukweli. Asubuhi ile mgongo wangu haukuwa na maumivu hata kidogo. Ningeweza. Mikono ilikuwa inawasha. Nilikumbuka ile siku ya kwanza, vile nilivyowaangalia machoni, na nikatamani kuirudia mbele ya huyo huyo mtu. Kutonyanyua lile dume ndiyo kazi ngumu zaidi niliyowahi kufanya pale sokoni.

Nikasema, "Sikuja kuinua. Nimekuja kununua."

Wakacheka. Nikaingiza vidole kwenye manyoya ya mgongo. Nikabonyeza juu ya figo. Nikashika mkia. Nikarudi mgongoni tena nihakikishe.

"Huyu alilambishwa chumvi jana," nikasema. "Leo asubuhi amekunywa maji mpaka ameshiba. Ukimuinua ni mzito, lakini unainua maji. Mgongo ni mifupa mitupu. Mzee Njoroge, kuja ushike mwenyewe."

Lemayian akasema mimi nimeona siwezi ndiyo natafuta maneno.

Mzee Njoroge akaja akashika. Akabonyeza. Akashika na mkia. Na hapo, mniamini msiniamini, lile dume likatanua miguu kidogo likaanza kukojoa. Likakojoa. Likaendelea kukojoa. Watu walicheka hadi wenye maziwa wakaacha maziwa yao.

Mzee Njoroge akafuta mkono kwa koti, akaniambia, "Mama Naisula, nichagulie kumi."

Nikamchagulia kwa vidole. Na kupakia pia hatunyanyui tena. Pikapu inarudishwa nyuma hadi kwa tuta la mchanga, wanaingia wenyewe wakitembea. Sijui tulikuwa tunawabeba kwa nini miaka hiyo yote.

Ningeishia hapa, lakini kuna kitu kimoja.

Nilipokuwa naondoka nilimwona Lemayian akiingia kwa gari lake. Aliweka makalio kwanza, upande. Akatulia. Kisha akashika suruali kwa mikono miwili akauvuta mguu wa kushoto ndani, kama mtu anayevuta mguu wa mwingine. Akaangalia huku na huku kama kuna aliyemwona.

Mimi nilimwona. Hivyo ndivyo nilivyokuwa naingia kwa gari mwaka mzima.

Nikaenda kwa dirisha lake. Nilikuwa bado na hasira naye, msifikiri mimi ni malaika.

"Hiyo inashuka hadi wapi?" nikamuuliza.

Akashika usukani. Kisha akasema, akiangalia mbele, "Hadi kidole."

"Cha mwisho?"

"Cha mwisho. Yeyo, usiambie watu."

Nikampa namba ya Mercy. Jina la kweli la huyu Lemayian pale sokoni linajulikana, kwa hivyo hapa nimelibadilisha, na mkijaribu kumkisia sitajibu.

Somo langu ni hili. Mgongo ukiuma na maumivu yakishuka mguuni, nenda upimwe. Ukiona mkojo au choo haushikiki au hautoki, au umekufa ganzi katikati ya miguu, au mguu unalegea, usingoje kesho, kimbia hospitali. Usikubali mtu akupande. Usikubali kulazwa kitandani kama maiti na watu wanaokupenda. Tembea, fanya mazoezi hata siku usizojisikia, na ile kazi iliyokuumiza itafutie namna nyingine ya kuifanya. Mimi si daktari, nimesema yaliyonipata.

Na yule jamaa wa uzi wa jana: mimi sijaisha.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye shida hii elezeni inashuka hadi wapi, msione haya. Wenye matusi pia leteni, nitawajibu hapa hapa nilipo, nikiwa nimesimama.