Kivumbasi cha Bibi na Kopo Lenye Ua

Enzi zetu pale Nyamuswa, miaka ya kupanga foleni ya sabuni na kurudi mikono mitupu, duka letu la dawa lilikuwa kichaka cha kivumbasi nyuma ya jiko la bibi. Ukipata mafua, unajifukiza. Mbu wakizidi, unachoma matawi. Kuku anayeatamia anawekewa majani asiliwe na viroboto. Tulinuka kivumbasi hadi kanisani, na katekista naye alinuka vilevile. Siku hizi kijana akipiga chafya moja anaomba maombi mtandaoni.

Kazi kubwa ya kivumbasi ilikuwa kulinda mbegu. Bibi alikuwa na maharage madogo yenye madoa, aliyopewa na mama yake alipoolewa. Kila mavuno alichagua mbegu, akazihifadhi chunguni pamoja na majani makavu ya kivumbasi.

Kisha serikali ikaruhusu biashara huria, maduka yakajaa vitu vya nje. Nikarudi likizo kutoka sekondari, kichwa nacho kimejaa. Nikayamwaga majani, nikaleta kutoka dukani kopo la unga mweupe lenye maandishi ya Kichina na picha ya ua.

"Umesoma hapo wanasemaje?" bibi aliuliza.

"Nimesoma, bibi. Ni pareto. Inaua wadudu wote."

Darasani tulifundishwa kwamba pareto ni ua linaloua wadudu. Kopo lilikuwa na ua. Elimu yangu iliishia hapo.

"Basi weka, msomi wangu. Mimi nilikuwaga natumia majani kwa kutojua."

Msimu wa kupanda, shangazi alikuja kutoka Musoma, akafunua chungu.

"Mama, mbona maharage yananukia kama mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa?"

Ilikuwa poda ya watoto. Fukusi walitembea humo weupe, wananukia kama maharusi, na kila punje ina tundu.

Shangazi alicheka hadi akakaa chini. Bibi alimwaga chungu kizima kwenye ungo, akachambua asubuhi nzima akitafuta punje moja tu iliyo nzima. Hakuipata. Nami nikasema mwenye duka ndiye aliyenidanganya. Bibi alifariki akiamini hivyo.

Leo nawakaripia wajukuu zangu kwa kuamini kila kitu cha kwenye simu. Lakini wao angalau hudanganywa kwa lugha wanayoijua. Kivumbasi bado kinajiotea, hakuna anayekichuma. Maharage yale nimeyatafuta masokoni, Bunda, Butiama hadi Musoma. Wauzaji wananionyesha ya njano na mekundu, kisha wananiuliza, "Mzee, hayo yako yanaitwaje?"

Nyumbani tuliyaita ya mama yake bibi.