Mstari wa Wagonjwa

Shuleni kwetu Njombe mgonjwa hakuwa na mahali pa kujificha. Kila asubuhi baada ya kengele tulipanga mistari, na kabla ya kugawiwa majembe kiranja aliita wagonjwa. Anayeumwa alitoka mbele, akageuka kututazama, akataja kwa sauti kinachomuuma. Ndipo alipopewa kikaratasi cha kwenda kwa dresa, mganga wa zahanati. Sisi tuliobaki tulinong'ona kwa pamoja, "Jembe limemng'ata huyo." Nami nilinong'ona, sikatai. Wengine walikuwa wanakwepa kulima kweli.

Mimi ni mtu wa haya. Darasani naulizwa swali ambalo jibu lake nalijua, nanyamaza. Nilichokuwa nacho cha kuonyesha watu ni mbio zangu tu uwanjani.

Tulikwenda Makambako kucheza mpira, tumekaa juu ya lori la kubebea magome ya miti ya miwati. Kipindi cha pili beki wao, mtu mwenye ndevu kabisa, alinipiga teke juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kulia. Nilisikia mlio kama ukuni mbichi unaovunjwa. Nilipojaribu kusimama, mguu haukukubali hata hatua moja. Nikabebwa. Njiani kurudi mwalimu aliniuliza kama naumia sana, nikamjibu kidogo tu. Tulikuwa tumeshinda, wenzangu wanaimba, sikutaka kuwakatiza.

Kesho yake kifundo kilikuwa kimevimba na ngozi ya upande wa nje imekuwa nyeusi. Ilikuwa miezi ya baridi, ile ambayo majani huamka meupe kwa barafu, na sisi tulioga mtoni kabla ya kengele. Niliutia mguu majini, nikahesabu mpaka mia mbili. Nilipoutoa haukuuma. Ulikuwa umekufa ganzi, lakini mimi nikaona unapona. Nikachechemea hadi kwenye mstari, nikapokea jembe, nikaliegemea. Jua lilipopanda maumivu yalirudi yote, nikauma ukosi wa shati ili nisitoe sauti. Hivyo nilikaa karibu wiki tatu, asubuhi nimepona, mchana naumwa.

Jirani yangu wa kitanda bwenini, mtu wa Matembwe, alikuwa akinichua kila jioni kwa maji ya moto na mafuta ya nyonyo ya mama yake. Jioni ya tano aliacha ghafla. Alibonyeza mahali pamoja kwa dole gumba, akabonyeza tena.

"Mwenzangu, hapa hapachuliki," alisema. "Panasagika ndani. Mshipa hausagiki, mfupa ndio."

"Patapoa."

"Vidole unavisikia?"

Nikasema navisikia vyote. Viwili vidogo sikuwa navisikia tangu juzi.

"Kesho toka mbele. Mimi sitanong'ona, na atakayenong'ona tutajuana naye."

Niliahidi. Asubuhi kiranja alipoita, niliuvuta mguu mbele hatua moja. Nikaona zile nyuso zote, nikaurudisha. Jirani yangu aliniona. Siku ile hakunisemesha, na jioni hakuchemsha maji.

Wiki ya tatu nilipoanguka shambani nikashindwa kuinuka, yeye ndiye aliyemkimbilia mwalimu. Dresa aliutazama mguu bila kuugusa, akauliza ni wiki ya ngapi. Kisha akaomba litafutwe lori la kunipeleka hospitali ya misheni.

Daktari wa kule alizungumza Kiswahili cha polepole. "Siku ile uliposhindwa kukanyaga ndiyo siku ya kuja," alisema. "Ningeunyoosha na kuufunga. Sasa mfupa umeshaunga vibaya. Lazima niuvunje."

Akauvunja. Nililala pale miezi miwili nikiwa nimefungwa plasta mpaka gotini. Ilipokatwa, kifundo kilikuwa hakikunjiki tena, na vile vidole viwili havijarudi.

Baba alikuja kwa miguu kutoka Kifanya. Mashamba yetu yako kwenye mteremko, na mimi ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Aliushika unyayo wangu, akajaribu kuukunja taratibu, akauacha.

"Kwa nini hukusema, mwanangu?"

Nikauvutia mguu chini ya blanketi. Hata yeye nilimwonea haya. Aliniachia fimbo ya muwati aliyoichonga mwenyewe, akaondoka kabla jua halijashuka.

Nimerudi shuleni. Siwezi kulima, na kwa utaratibu wetu asiyelima husimama mbele pamoja na wagonjwa, kila asubuhi, mpaka atakapomaliza shule. Siku ya kwanza kiranja aliponiita nilitoka kwa fimbo yangu, nikageuka, nikataja mguu. Niliusubiri ule mnong'ono. Haukuja. Walikuwa wanatazama majembe yaliyosubiri kugawiwa, na yule wa Matembwe alikuwa anatazama chini.