Msusi Aliyewazika Makaisari

Nilisimama katikati ya saluni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, nikamwambia madam anayeisimamia saluni, mbele ya wateja wote, "Wewe ni mwongo." Sikutafuta neno la adabu. Msusi mgeni aliyekuwa nyuma yangu, dada wa Kiganda mwenye sauti ndogo, alikuwa ametoka kuninong'oneza jambo ambalo alidhani nalijua. Yule niliyekuwa namuulizia, msusi wetu Mkenya wa Malindi, ambaye madam alituambia yuko likizo kwao, hakuwa likizo. Amekufa. Ameshazikwa hapa hapa Dubai, na waliokwenda kumzika ni wenzake wa saluni na majirani wachache. Sisi tuliokalia kiti chake miaka yote hatukuambiwa kitu. Simu ya saluni, yenye picha yake akicheka, iliendelea kutujibu, "Karibu mpenzi, nafasi ipo Ijumaa," na ua jekundu mwishoni. Mimi mwenyewe nilimwandikia nikimuuliza lini atatumalizia habari za kaisari Nero, nikajibiwa kwa ua. Nikasema huyu naye kaanza maringo. Kumbe najibizana na madam, kwa sura ya marehemu.

"Mpenzi, shusha sauti," madam akasema. Ni mwenzetu, wa Dar, na hilo neno mpenzi analipaka kila mahali kama mafuta. "Ningewaambia. Nilikuwa nasubiri huyu mpya azoeleke kwanza. Wateja wakisikia msusi kafa wanahama. Hapo nani atalipa pango, wewe?" Nikamuuliza, na huyu mpya kwa nini umemwambia aitikie jina la marehemu? "Jina tu, dada. Watu wamelizoea." Binti yangu, ambaye hajaanza hata darasa la kwanza, alikuwa kwenye kiti cha pili akingoja zamu yake. Akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: "Mama, wamemfanya kama Klaudio?"

Najua mnajiuliza Klaudio ni nani. Ni mfalme wa Roma ya kale, mmoja wa wale makaisari wa mwanzo, na mwanangu anamjua kwa sababu marehemu alitusimulia. Alipofika Dubai mara ya kwanza alifanya kazi za ndani kwa madam mmoja wa Ulaya aliyewafundisha watoto wake mwenyewe, kwenye meza ya kulia. Yeye alipiga pasi chumba hicho hicho, masikio wazi. Masomo yao ya historia yalikaa Roma muda mrefu, naye akakaa nao, ila kwa vipande, maana kuna kufua, kuna kupika. Kwa hiyo historia yake ilikuwa na matundu, na matundu yenyewe aliyataja bila aibu. Kuhusu Kaligula alisema, "Huyu sijui alianzaje, nilikuwa nafua. Niliporudi nikakuta anachomwa visu na walinzi wake mwenyewe." Vifo ndivyo alivijua sana, kwa sababu somo lilikuwa likiishia kwenye kifo, na hapo ndipo alipokuwa amerudi na kikapu cha nguo. Ukikaa kwake kusukwa, unaondoka na kichwa kizuri na kaisari mmoja amezikwa.

Augusto hakumpenda. "Kazeeka, kafa kitandani, watu wamemzunguka. Huyo hana stori." Aliyempenda ni Tiberio, aliyekwenda zake kisiwani uzeeni akawa anatawala kwa barua. "Kama arbab wetu, mwenye saluni," alisema, "anakaa huko, huku sisi tunaletewa meseji tu." Basi Tiberio akaugua, akazimia, watu wakadhani amekata roho, wakakimbilia kumpongeza mrithi. Mara mzee akafumbua macho akaomba chakula! Binti yangu siku hiyo alikuwa anasukwa, kichwa kimeinamishwa, akauliza chini kwa chini, "Wakampa?" Marehemu akamjibu, "Wanasema walimletea mto, mwanangu." "Wa kulalia?" "Wa usoni." Nikamwambia we mama, usimtishe mtoto. Akavuta uzi, akasema, "Si mimi, shoga. Ni Roma."

Na ile ya Vespasiano naikumbuka kwa sababu saluni nzima ilicheka mpaka kikaushio kikazimwa ili watu wasikie vizuri. Huyo alipokuwa anakufa, inasemekana, alijilazimisha kuinuka, kwamba mfalme hafi amelala, anakufa amesimama. Marehemu akaweka kitana chini. "Mimi hapana," akasema. "Nimesimama vya kutosha. Kutwa nzima niko wima juu ya vichwa vya watu. Mimi nife nimekaa, tena kwenye sofa ya wateja, tena na chai." Siku niliyopata habari niliwauliza wenzake ilikuwaje. Wakaniambia alimaliza mteja, akasema kichwa kinamgonga, akaenda akakaa kwenye sofa ile ya mlangoni, akaomba chai. Walipomletea alikuwa ameshaondoka. Nimelia, lakini nawaambia ukweli, walipofika hapo kwenye chai nilitabasamu. Mtu amepata alichotaka. Si wengi mjini hapa wanaopata.

Klaudio sasa. Wanasema mkewe alimlisha uyoga wenye sumu ili mwanawe, huyo Nero, akalie kiti. Marehemu hakujali sana uyoga. Alichokisimulia kwa mikono yote miwili, mpaka nywele zangu zikabaki zinaning'inia, ni yale ya baadaye: mfalme kafa, na wamemfunika blanketi vizuri, wametangaza anaendelea nafuu, wameita hata wachekeshaji waje wamchangamshe. Wachekeshaji wanamchekesha maiti! Huku nje mambo yanapangwa, na yalipokuwa tayari, milango ikafunguliwa, Nero akatoka. Binti yangu akauliza, "Kwa nini walimficha?" Jibu lake lilikuwa fupi: "Ili kiti kisipoe."

Wasomaji wangu, mnajua siandiki haya kwa sababu ya wafalme. Wengi wetu hapa tumekalia viti vya namna hiyo. Sare unayovaa ilikuwa ya mtu mwingine, na simu ya kazi uliyopewa ina salamu za watu wasiokujua. Aliyekutangulia kaenda wapi? Karudi kwao, kahamia kwa kafeel mwingine wa kumdhamini, kafa? Hakuna anayekuambia na wewe huulizi, una kazi. Marehemu alitueleza kwamba Kaisari lilikuwa jina la mtu na ukoo wake, na ukoo ulipokwisha waliofuata wakaendelea kulivaa tu, kama koti la ofisi. Nilicheka siku ile. Sikucheka nilipomwona yule dada wa Kiganda akiitikia jina lisilo lake, akigeuka haraka kila linapoitwa, kama mtu anayeogopa kukamatwa. Yeye naye ana jina. Kosa si lake, na mimi sikumkasirikia hata kidogo.

Kwa hiyo nilirudi kwenye kiti. Madam alidhani nitatoka na kichwa hivyo hivyo, nikawe tangazo baya la saluni yake. Sikutoka. Nikamwambia dada, fumua hizi rasta zote, nisuke twende kilioni, na mtoto naye umsuke hivyo hivyo. Hakulijua jina hilo la msuko. Nikamweleza kwamba kwetu Tanzania ni mistari ya kawaida ya kurudi nyuma, haina mapambo, ndiyo wanawake wengi husuka haraka wakipata msiba. Akasema, "Basi na mimi nitasuka hivyo jioni." Nikamuuliza jina lake halisi, akanitajia, na binti yangu akalirudia mara mbili ili asilisahau. Mikono yake ni mizuri. Hakuvuta, hakuchoma ngozi. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri, ambao nao walikuwa hawajui, wakasema na sisi tunataka hizo. Madam aliingia ofisini akafunga mlango. Tulikaa pale wanawake kadhaa, tukipeana habari za marehemu, nani alikopeshwa kitana, nani aliambiwa kaisari yupi, na ikawa kama msiba ambao hatukupewa.

Nyumbani baba watoto aliniangalia kichwa, akaelewa kabla sijasema. Nilipomaliza kusema akaniambia, "Khalas, yatosha, mama. Mmeshamlilia. Waache." Ni mtu mpole na mara nyingi namsikiliza. Lakini nilimwonyesha simu. Picha ya marehemu ilikuwa bado pale inacheka, inamkaribisha mtu Ijumaa. Wako wangapi mji huu ambao bado wanamngoja arudi kutoka likizo? Akaitazama, akaenda kuniletea kalamu.

Mwenye leseni ya saluni si madam. Ni bwana mmoja ambaye hatujawahi kumwona kati ya vioo vile, ana ofisi ya vipuri kule Freezone ya uwanja wa ndege. Nilimshika mwanangu mkono tukapanda metro kutoka Discovery Gardens, mtaa wa saluni, tukabadilisha treni, vichwa vyetu viwili vya msiba vimenyooka, na nikamkabidhi dada wa mapokezi karatasi yangu. Akaisoma yote, akaniangalia nywele, akagonga muhuri kwenye nakala yangu bila swali. Niliandika kwa Kiingereza cha kidato cha nne. Hapa nawapa kwa lugha yetu, sijapunguza wala kuongeza.

"Kwa mwenye saluni. Mimi ni mteja wako wa Discovery Gardens na haya ni malalamiko rasmi. Silalamikii nywele. Zilisukwa vizuri na nimezilipia zote. Nalalamika kwamba msusi wako amekufa na saluni yako inatuambia yuko likizo, na inatujibu kwa picha yake. Ondoeni picha hiyo. Kabla ya kuiondoa, itumieni simu hiyo hiyo kuwaambia wateja wote kwamba amekufa na kwamba amezikwa hapa, na mahali alipozikwa, ili anayetaka kumwombea ajue aende wapi. Msusi mpya aitwe jina alilopewa na mama yake. Meneja wako anaogopa kwamba tukiambiwa ukweli tutahama. Wapo watakaohama, waacheni. Mimi sihami. Nimeshaweka nafasi yangu na ya binti yangu kwa mwezi ujao, kwa jina la huyo mpya, na siku tukifika nataka aitike yeye."