Keki ya Harusi Ndani ya Gari Lenye Akili

Mwaka ule nilikuwa naandika riwaya yenye magari yasiyo na usukani. Abiria wanakaa wakitazamana kama wageni sebuleni, wanakunywa chai, gari linawapeleka. Niliwasomea rafiki zangu waandishi sura ya kwanza katika mkahawa mmoja wa Kariakoo, tukabishana mpaka chai ikapoa. Mmoja alisema binadamu asiachiwe usukani tena, maana mikono yake imeua wengi. Mwingine akasema gari lisilo na usukani ni jeneza lenye kiyoyozi. Mimi nilikuwa upande wa mashine, kwa moyo wote, kama anavyoweza kuwa mtu asiyejua kuendesha.

Wakati huohuo mama mdogo, niliyekuwa nakaa naye ghorofa ya nne hapohapo Kariakoo, alinunua gari dogo lililokwisha kutumika Japani. Lilikuwa linaongea Kijapani kwa sauti ya binti mwenye adabu, naye akilijibu, "Haya, mwanangu." Likihisi kitu karibu mbele yake, linafunga breki lenyewe. Vitufe karibu vyote viliandikwa Kijapani. Mama mdogo hakuvigusa.

Kazi yake ni kuoka keki. Jirani yetu wa ghorofa ya pili, mama wa Kihindu mwenye duka la vitambaa, alikuwa anamwoza binti yake, akaagiza keki ya matabaka matatu isiyo na yai hata moja. Keki isiyo na mayai huvunjika kwa kutazamwa tu. Wiki tatu tulikula makosa ya mtindi na siki, mimi na jengo zima.

"Hii ikisimama," mama mdogo aliniambia, "ukoo wao wote utakuja kwangu. Ikianguka, narudi kwenye maandazi."

Jumamosi ya harusi ikafika. Ukumbi ulikuwa Kivukoni, na keki ilitakiwa saa kumi. Saa nane tulishusha masanduku matatu. Mawili tuliyabana kwa mito nyuma ya viti. La tatu, la tabaka la juu lenye mawaridi ya krimu ya siagi, nilipakata mimi kwenye kiti cha mbele.

Sasa, Kariakoo gari halingoji njia ipatikane. Linaomba. Dereva anaingiza pua taratibu, anamtazama mwenye mkokoteni, mwenye mkokoteni anamtazama yeye, na katika kutazamana huko barabara inazaliwa. Gari likisimama kabisa, limekubali kuwa meza.

La kwetu lilikuwa linasimama. Tukiingiza pua, mtu akipita, breki! Sanduku likaruka mapajani mwangu. Binti wa Kijapani akasema neno.

"Anasemaje?" mama mdogo akauliza.

"Labda shikamoo."

Hatua nyingine, breki tena. Mara ya tano muuza soksi akatandaza bidhaa zake juu ya boneti.

"Oya! Hilo gari langu!"

"Anti, umesimama mwenyewe. Ukiondoka natoa."

"Siwezi kuondoka, limegoma!"

"Basi tuuze wote. Soksi za shule! Soksi za ofisini!"

Simu ikalia. Alikuwa mama wa bibi harusi. "Dada, mko wapi?"

"Tumeshatoka!" mama mdogo akajibu, na kweli tulikuwa tumeshatoka. Mlango wa jengo letu ulionekana kwenye kioo cha nyuma.

Akaanza kubonyeza vitufe. Cha kwanza kilirusha maji ya kioo, soksi zikalowa, kukawa na maneno. Cha pili kilifungua redio. Cha tatu sikuona kilichofanya.

Baada ya muda nikasema, "Mama mdogo, kiti changu kinapata moto."

"Ni jua."

"Jua liko juu. Hili linatoka chini."

Kiti cha kupashia watu joto wakati wa theluji, mwezi wa Februari, Dar es Salaam! Nilichungulia sandukuni. Waridi moja lilikuwa limeinamisha kichwa. Nikanyanyua sanduku mpaka kichwani.

Mzee mmoja mwenye mkokoteni wa majora ya vitenge akainama dirishani.

"Shikamoo, baba," tukasema pamoja.

"Marahaba. Haya magari yanakwama hapa kila siku. Kile chenye herufi P, kandamiza, hesabu tano."

"Baba, unajua Kijapani?"

"Najua kukwama."

Moja, mbili, tatu, nne, tano. Taa ndogo ikawaka, ile breki ya kujifunga yenyewe ikalala. Tukazima vile vitufe vingine vyote, muuza soksi akakusanya mali yake akicheka, na mzee akatangulia na mkokoteni. "Mzigo! Mzigo, na keki nyuma!" Mama mdogo akaingiza pua, akatazama watu machoni, na watu wakampa njia. Kwa mguu wake gari liliteleza kama kijiko kwenye mtindi.

Tulipopata barabara pana akakandamiza P tena. "Huku angalia na wewe, mwanangu." Haikupita dakika, kijana wa bodaboda akatukatia mbele, na gari likashika breki kabla mguu wa mama mdogo haujafika. Alishusha pumzi. "Ahsante," akaliambia, bila mzaha.

Tangu siku hiyo ninabishana upande mwingine. Gari liwe na akili, sawa, maana akili yake ilimwokoa yule kijana. Lakini limwachie binadamu usukani, kanyagio na kitufe cha kusema "hapa niachie mimi", kwa sababu kuna mitaa ambayo njia yake haimo barabarani, imo machoni mwa watu. Na kitufe hicho kiandikwe Kiswahili.

Ukumbini mama mdogo alipanga matabaka, akatengeneza mawaridi kwa kisu cha moto. Upande mmoja ulibaki umelegea. Mama wa bibi harusi aliuangalia kwa muda mrefu, sari yake ikimetameta. Kisha akachomoa shada la asumini kwenye nywele zake, akalilaza pale.

"Sasa imevaa," akasema.

Bibi harusi alipokata, tulikuwa mlangoni mwa jiko. Mama mdogo alifumba macho. Kisu kikashuka matabaka yote matatu, na kipande kikatoka kizima, kimesimama wima kwenye sahani.

"Fumbua," nikamnong'oneza. "Shangazi wa bwana harusi anauliza nani ameoka."