Sajenti Aliyetusuka Nywele

Niliondoka Kasongo Alhamisi asubuhi kwenda Kabambare kwenye hitima ya arobaini ya baba yangu, na nilikuwa na furaha isiyo na haya. Msinielewe vibaya, nilishamlilia hadi macho yakavimba. Lakini kifuani nilikuwa na habari moja ya kuwasimulia watu, nayo ilinitekenya njia nzima.

Baba, Sajenti Ramazani, alirudi kutoka vitani na mguu mmoja mzito, na muda si mrefu mama akafariki. Tukabaki na baba, wasichana watatu. Kila Ijumaa jioni alitupanga barazani. "Gardavu!" anaamuru, tunasimama wima, kisha anakaa na kitana chake na mafuta na kutusuka mmoja mmoja, mistari imenyooka kama gwaride. Nilitaka jambo hilo lisemwe mbele ya watu, maana huku kwetu askari anajulikana kwa mambo mengine.

Kikwazo kilikuwa baba mdogo Omari, mdogo wake marehemu na mwenye kusimamia kilio. Kabla sijaondoka alinipigia simu.

"Zaina, utasema vita, utasema namna alibeba wenzake. Ile maneno ya nywele, hapana. Kaka alikuwa mutu ya heshima."

"Ndiyo, papa mudogo," nilijibu, huku nikijua kabisa kwamba namdanganya.

Sumaili, dereva wa pikipiki, alifunga nyuma yangu gunia la mchele na jogoo mwekundu. Mvua ilikuwa imeigeuza barabara uji. Hatujafika mbali tukaanguka, polepole tu, kama watu wanaokwenda kulala. Jogoo akawika. Nilicheka nikashindwa kuinuka.

"Mama, tunaenda kwa kilio ao kwa ndoa?" aliuliza Sumaili.

"Kwa kilio."

"Basi mimi sijaona kilio ya hivi."

Nikamsimulia. Alizima injini ili acheke vizuri. "Sajenti na kitana!" Tulipoondoka tena alisema bila kugeuka, "Mimi niko na mutoto mwanamuke. Nikirudi, nitauliza kitana iko wapi."

Mchana tulivuka Mto Luama. Ng'ambo njia ilizidi kuharibika, nikashuka nikasukuma, kitenge nimekikunja magotini, tope linaruka hadi kwenye kope.

Jioni tukaingia Kabambare. Baba mdogo alitoka na kofia yake nyeupe, akanitazama juu hadi chini.

"Weye ni Zaina ao ni ukuta ya nyumba?"

Tulikumbatiana, kanzu yake ikaharibika. Kisha akaninong'oneza, "Unakumbuka tulisema nini?" Nikaitikia kwa kichwa.

Ijumaa baada ya swala ikasomwa hitima, tukala wali na mbuzi. Wazee wakaeleza jinsi baba alivyowabeba wenzake waliojeruhiwa. Ikafika zamu yangu. Baba mdogo akakohoa. Nilianza na vita, kama nilivyoagizwa, lakini ulimi ukanitoroka. Nilisema yote: amri, kitana, mafuta, mistari. Nilipomaliza wazee wakatazamana. Nikajua nimemwaibisha baba siku yake ya arobaini.

Baba mdogo akainuka, taratibu, akavua kofia. Upara ukang'aa juani.

"Munaona hii kichwa? Zamani ilikuwa na nywele mingi. Kaka alijifunzia hapa."

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Shangazi yangu alianguka mkekani. Baba mdogo akainua mkono.

"Nilikuwa kijana, niko na muchumba. Watoto wakilala, kaka ananikalisha nyuma ya nyumba, anavuta, anafumua, anavuta tena. Siku moja muchumba alinikuta na mistari nusu kichwa. Alirudi kwao, na hakukuya tena! Nikasema, 'Kaka, haya itaniua.' Akanijibu, 'Omari, vumilia. Watoto yangu hawataenda ku masomo sawa vile hawana mutu.'"

Akavaa tena kofia yake. Kisha akanigeukia. "Ndiyo maana nilikukataza, Zaina. Ile haya ilikuwa yangu, haikukuwa ya kaka." Nikacheka na kulia kwa pamoja, na sikujua kipi kilitangulia.

Jumamosi asubuhi Sumaili aliwasha pikipiki. Nilikuwa nimekuja nikidhani ninajua yote baba aliyotufanyia. Kumbe nyuma ya nyumba alikuwapo kijana aliyepoteza mchumba kwa ajili ya vichwa vyetu, akanyamaza miaka yote hiyo. Nilimvua baba mdogo kofia nikambusu upara mbele ya mtaa mzima.

"Toka hapa, utachelewa!" alinifokea.

Tulipokata kona niligeuka. Alikuwa bado amesimama barabarani, kofia mkononi, na watoto wa jirani wakimcheka.